Siku Tata Alipomfungia Mfalme Mlango

Jumatano, tarehe kumi na saba Novemba. Mvua ilianza kabla ya jogoo, ikanyesha polepole mpaka watoto walipokwisha kwenda shule, kisha ukungu ukabaki umelala juu ya migomba kama mtu asiyetaka kuamka.

Jirani yangu hapa Rubwera anachemsha kahawa ya kutafuna. Sio ile ya kunywa. Hii huvunwa mbichi, ikachemshwa na majani ya porini, ikaanikwa, na mgeni akifika unamtilia punje chache kiganjani kabla hamjaulizana habari za nyumbani. Harufu yake ina uchungu wa majani na utamu kidogo wa moshi. Iliponifikia jikoni niliacha kumenya ndizi nikakaa, na nimeona niandike jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi kwa mdomo, na kila mara nikaona nimelisimulia vibaya. Shule yangu ni ndogo, niliishia pale msichana alipotakiwa nyumbani. Nitajitahidi nisimsingizie mtu.

Baba yangu, ambaye sisi tulimwita tata kama watoto wote wa Kinyambo, alirudi kutoka vita vya pili vya dunia, huko Bama, na vitu viwili: kovu la begani, na mchezo wa sataranji. Kovu alilipata msituni. Mchezo aliupata hospitali ya jeshi huko India, kutoka kwa askari wa Kihindi aliyekuwa amekatwa mguu na hakuwa na la kufanya mchana kutwa. Kwenye kitanda cha tatu katika safu ile alikuwapo mtu mwingine wa kwetu, aitwaye Katunzi, wa upande wa Kiruruma. Watatu hao walicheza mpaka wauguzi wakawanyang'anya ubao.

Na ni huko huko, mbali na kila kitu wanachokijua, tata na Katunzi walipofanya undugu wa damu. Tata alikuwa na punje chache za kahawa mfukoni, alizofungiwa na mama yake siku ya kuondoka. Walichanja tumbo kidogo, wakapaka punje damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Toka siku hiyo wakawa wanaitana munywani, na neno hilo kwetu si la mzaha. Munywani wako humnyimi, humshitaki, humwinulii mkono.

Waliporudi, wote wawili walipata kazi machimbo ya bati kule Kyerwa, nasi tukahamia kibanja kidogo cha migomba karibu na machimbo. Tata alichonga sataranji yake kwa mti wa mbuni. Mfalme na waziri walitoka vizuri. Ngamia alimshinda, maana sisi nyumbani hatukuwa tumemwona ngamia na yeye hakuweza kutueleza, basi akachonga ng'ombe mwenye nundu kubwa akasema, "Huyu ndiye, ila mwenye kiburi zaidi." Ubao aliuchora kwa mkaa kwenye ngozi ya mbuzi. Kwa kuwa mdogo wangu Yohana alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mama hakuwa na nafasi, aliyekaa upande wa pili wa ngozi ile nilikuwa mimi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni namna ya kuanza. Askari wa mbele wanaanza kwa hatua moja. Wazungu wanawaruhusu kuruka mbili pale mwanzo, lakini yule Mhindi mwenye mguu mmoja hakujua jambo hilo, au alilijua akalikataa, na tata alishika alichofundishwa. Alimsogeza askari wa mbele ya waziri hatua moja. Kisha wa mbele ya mfalme hatua moja. Kisha wa pembeni. Ilipofika zamu ya farasi kutoka, mbele yake kulikuwa na ukuta wa askari umepindapinda, na tata alikuwa akiuita orugo, kama ule ua wa miti tunaozungushia ng'ombe. "Kwanza jenga orugo," alisema. "Anayekimbilia nje mapema ataliwa na fisi."

Nilimwamini. Ila ng'ombe wenyewe hatukuwa nao. Watu wa tata ni wafugaji tangu zamani, lakini ugonjwa ulipita tata akiwa vitani, ukafagia zizi zima la babu. Alikuta kinyesi kikavu na miti ya ua imeoza. Mama alinyonyesha Yohana mpaka maziwa yakamkimbia, kisha akawa anamlisha uji wa ulezi, na Yohana akawa na shingo nyembamba na macho makubwa. Majirani walitupa maziwa walipokuwa nayo. Lakini kuomba maziwa kila siku kwa mtu wa ukoo wa wafugaji ni jambo linalomkunja uso, na tata alikuwa akinituma mimi.

Basi bwana mkubwa wa machimbo, Mzungu mmoja, akawa anarudi kwao moja kwa moja. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mwenye ndama jike anyonyaye bado. Hakutaka kumuuza, nadhani alimpenda. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sataranji, akicheza jioni na mwenye duka la Kihindi. Akatoa tangazo kupitia kwa karani: mtu yeyote wa kazini anayejua mchezo huo aje siku ya mapumziko, atakayewashinda wote atapewa ng'ombe pamoja na ndama wake, na kesho yake yeye bwana anaondoka.

Nyumbani kwetu usingizi ulitoroka. Mama alianza kuosha kibuyu cha maziwa kilichokuwa kimetundikwa tupu, akakifukiza kwa moshi wa majani makavu mpaka nyumba nzima ikanukia kama zamani.

Katunzi naye alitaka ng'ombe yule. Alikuwa amechumbia binti wa kule kijiji cha Rugera, binti wa watu wa kanisani, na baba wa binti alikuwa amesema neno moja tu, kwamba mtoto wake hatatoka bila ng'ombe kuingia. Katunzi hakuwa kijana tena. Alikuja jioni moja kabla ya mashindano, akakaa na tata nje, nikawasikia.

"Munywani, tukikutana?"

"Tukikutana tutacheza."

"Unataka nikuachie?"

"Ukiniachia nitajua, na nitakuchukia."

"Na wewe usiniachie."

"Mimi nikuachie, na mwanangu ana shingo kama ya korongo?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kesho yake nikamuuliza mama, tukimenya ndizi, inakuwaje mtu akimshinda munywani wake. Mama alikuwa na mawazo yake, akajibu bila kuniangalia: "Mtu akimtenda munywani wake vibaya, ile buni aliyoimeza inamvimba tumboni. Inavimba, inavimba, mpaka inampasua."

Sasa, kumnyang'anya mtu ng'ombe wa kuolea, mbele ya watu, si ndiyo kumtenda vibaya? Hivyo ndivyo nilivyopima kwa akili yangu ya utoto. Tata akishindwa, Yohana atakwisha. Tata akishinda, tata atapasuka. Niliubeba mzigo huo peke yangu, sikumwuliza mtu tena, kwa sababu niliogopa jibu.

Siku yenyewe watu walijaa uwanja wa mbele ya ofisi. Mwenye duka alileta sataranji yake ya kweli, nyeupe na nyekundu, ikawekwa juu ya meza. Yule ng'ombe alifungwa kwenye mti upande wa pili, ndama akimzunguka. Nadhani kila mchezaji alikaa akiwa na uso kwenye ubao na sikio kwa ng'ombe.

Tata alimshinda karani. Karani alikuwa mtu wa Bukoba, amevaa soksi ndefu, na aliwarusha askari wake mbilimbili huku akimcheka tata. "Mzee, kanuni zinaruhusu hatua mbili! Mbona unatembea kama mwenye mwiba?" Tata akajibu kwa heshima, "Mwiba uko njiani, waitu, nautafuta." Muda si mrefu waziri wa karani alikuwa amekwama ndani ya orugo ya tata kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Katunzi naye aliwashinda wake. Mwishoni wakabaki wao wawili, kama wote tulivyokuwa tunaogopa, au tunatamani, sijui.

Mchezo wao ulianza kwa namna ambayo watu hawakuisahau. Tata, hatua moja. Katunzi, hatua moja. Tata, hatua moja. Katunzi, hatua moja, vilevile, maana mwalimu wao alikuwa mmoja. Zikajengwa nyua mbili zinazotazamana, na hakuna aliyetoka.

"Hawa wanacheza au wanachunga?" mtu mmoja akapiga kelele.

"Waacheni, wanasubiri mvua ipite!"

"Karani, tuite ukifika msimu wa kahawa!"

Bwana mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, kiko chake kimezimika mdomoni.

Kisha Katunzi akafungua mlango wa ua wake, akamtoa farasi, na vitu vikaanza kuliwa. Siwezi kusema nilifuata kila hatua. Ninachokumbuka ni kwamba kila tata alipochukua kitu cha Katunzi, mimi nilitazama tumbo la tata. Alikuwa amevaa shati lake la jeshi na mkanda. Akachukua tembo, nikatazama mkanda. Akachukua ngamia, nikaona kama mkanda umekaza. Askari mmoja wa tata, yule aliyeanza kwa hatua moja na kuendelea kwa hatua moja, akafika mwisho wa ubao, akageuzwa waziri. Watu wakapiga makofi. Katunzi alibaki na mfalme mtupu, anakimbizwa kutoka pembe moja hadi nyingine, na jasho linamtiririka masikioni.

Hapo sikuweza tena. Nilipenya katikati ya miguu ya watu nikafika kwenye kiti cha tata, nikaweka kiganja changu juu ya tumbo lake, juu kidogo ya mkanda, pale nilipojua kuna alama ya kuchanjwa.

Tata akashusha macho. "Koku. Unatafuta nini?"

Nikamwambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini lakini si ya chini kiasi cha kutosha, "Naangalia kama buni imeanza kuvimba."

Katunzi alisikia. Waliokuwa karibu walisikia pia, mmoja akaanza kucheka kisha akaacha. Tata aliushika mkono wangu, hakuuondoa, akaubana pale pale tumboni. Yeye na Katunzi wakatazamana. Tata alikuwa na nguo zilizonuka chuma na udongo wa machimbo, na chini ya kiganja changu nilisikia anavyopumua.

Kisha kwa mkono wake mwingine akamchukua waziri wake akamsogeza mpaka karibu kabisa na mfalme wa Katunzi, pale pembeni.

Katunzi aliuangalia ubao, akainua mikono akaiweka magotini. Hakuhama. Watu wakasema, amekwisha. Bwana mkubwa akainuka, akazunguka meza, akaangalia upande wa huku, akaangalia upande wa kule, akacheka kicheko kifupi na kusema neno kwa karani.

Karani akatangaza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelazimishwa kusema uongo: "Sare. Hakuna mshindi."

Vurugu ikaanza. "Sare vipi? Mmoja ana waziri, mwenzake yuko uchi!" Karani akaeleza, na nakubali alieleza vizuri. Mfalme wa Katunzi alikuwa hajashambuliwa pale aliposimama. Lakini nyumba zote za jirani yake zilikuwa chini ya jicho la waziri. Hana pa kwenda, na hana mtu mwingine wa kumsogeza badala yake. Sheria inasema ukimfungia mfalme milango yote bila kumkamata, umeshindwa kumshinda.

"Basi katika vita vya kweli huyo angekufa njaa humo ndani!" akasema mtu mmoja.

"Vita vya kweli hao wawili walivipiga," akajibu mwingine. "Wewe ulikuwa unalima viazi."

Ikabaki habari ya ng'ombe. Bwana mkubwa alikuwa anaondoka kesho, hakuna kucheza tena. Alijikuna shingo. Karani akapendekeza achinjwe, watu wote wale, iishe. Sauti iliyotoka kwa wafugaji waliokuwapo ilikuwa kama ya mtu aliyekanyagwa. Ng'ombe anayekamuliwa, mwenye ndama mguuni, achinjwe? Katunzi akasimama.

"Bwana mkubwa, mama aende kwake, mtoto aje kwangu. Ndama akiacha kunyonya nitamfuata."

Bwana akamtazama tata, tata akaitika kwa kichwa. Ikawa imekwisha, ila haikuisha, kwa sababu mama alikuwa amesimama upande wa wanawake na Yohana mgongoni, na mama hakuwa mtu wa kusema mbele ya wanaume.

"Huyo ndama ni jike," alisema. "Mwenye ndama jike ndiye mwenye zizi la kesho. Sisi mmetuachia chuchu."

Katunzi aliinamisha kichwa akasema, "Ni kweli, shemeji." Hakubadili neno lake lakini.

Tulirudi tata akiwa mbele na kamba, ng'ombe katikati, ndama akirukaruka, mama na mimi nyuma. Tulipofika mtoni mama akasema, "Ulikuwa umemshika."

"Nilikosea."

"Wewe hukosei hapo. Hata Koku asingekosea hapo."

Tata alitembea kidogo. "Basi sikukosea," akasema.

Hawakulizungumza tena nikisikia.

Sasa niseme kwa haki, kwa sababu watu wote hao wamekwenda na hawawezi kujitetea. Mama alikuwa na haki. Yule ndama alizaa baadaye, na uzao wake ukajaa kule Rugera, wakati ng'ombe wetu alizaa madume mawili kisha akazeeka. Karani naye alikuwa na haki yake: alisema maisha yake yote kwamba wale wawili walipanga, na kama walipanga, yeye na wengine walioshindwa walidanganywa. Mimi niliyesikia mazungumzo yao nje siku ile naamini hawakupanga. Lakini mtoto husikia nusu. Katunzi alisubiri miezi mingi kuoa, akiwa anakuja kwetu kumwangalia ndama wake kama mtu anayetazama mahindi yakikua, na mama alimpa kiti kila mara, ingawa mwanzoni alikuwa anampa kile kibovu.

Nilipokuwa nimeolewa tayari nilimuuliza Katunzi, ni mkono wangu uliofanya vile? Alitafuna kahawa yake akafikiri. "Mwanangu, baba yako alinifunza mengi, lakini hakunifunza kusoma kichwa chake. Mimi niliona amechoka. Unajua kuchoka kwa mtu aliyemkimbiza mwenzake mpaka pembeni?" Tata mwenyewe nilimuuliza mara moja. Alisema, "Ulikuwa na mkono wa baridi," akaondoka kwenda kufunga mikungu ya ndizi.

Kwa muda mrefu niliamini nilimwokoa baba yangu asipasuke. Nilipokua nikaamini nilimpotezea ndama. Siku hizi siamini kwa nguvu lolote kati ya hayo mawili. Naona mtu aliyekaa mezani akiwa na haja za kweli pande zote mbili, mtoto wake upande huu na ndugu yake upande ule, akapata nyumba moja kwenye ubao ambapo hakuna aliyekufa. Labda aliitafuta, labda aliiangukia. Na hata hapo, yuko aliyelipa, na aliyelipa zaidi ni mwanamke ambaye hakuulizwa. Hilo sitaki kulipunguza.

Jioni ile tata alimkamua ng'ombe. Mnyama alikuwa ametembea sana na mahali ni pageni, akawa anazuia maziwa, mpaka tata akamwacha ndama anyonye kwanza na kumwimbia ng'ombe kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Yakatoka kidogo, ya kufunika chini ya kibuyu tu. Yohana alipewa yote. Aliyanywa, akakohoa, akayatema nusu kifuani kwa mama, kisha akataka tena na hayakuwapo.

Sisi wengine tulikaa kuzunguka chungu. Kwetu maharage na maziwa havikutani katika tumbo moja siku moja, ng'ombe atakauka, na mama asubuhi hakuwa amebandika maharage kwa kuwa alikuwa ametegemea maziwa ya wote. Basi hapakuwa na mboga. Tulikula ndizi za kuchemsha kwa chumvi, na tata akasema zimeiva vizuri, na mama akamwongezea.